Barua Niliyoishia Kwenye Salamu

Chaani, Jumanne asubuhi. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na bati la jikoni linavuja pale pale mume wangu alipokataa kuita fundi.

Miguu imevimba tena. Daktari hasemi mengi siku hizi, ananishika bega tu. Mjukuu wangu alinifungulia ukurasa huu wa mtandaoni niandike kumbukumbu za ualimu. Leo nitaandika habari za mume wangu, Hamisi, kabla mkono haujakataa.

Miaka ya themanini Hamisi alikuwa kuli bandarini. Alibeba magunia mchana kutwa, akirudi anakunywa chai ya rangi, kisha anaendelea kujenga nyumba hii kwa mikono yake. Majirani walimcheka: "Hamisi, ukuta umelewa huo!"

"Ulewe tu, bora wanangu walale ndani."

Ukuta wa jikoni umeinama mpaka leo. Haujaanguka.

Hakujua kusoma. Barua za kwao, karibu na Lunga Lunga, zilipitia sanduku la posta la shule niliyofundisha, nami nikimsomea. Aliketi mkekani, mikono juu ya magoti. "Haya mwalimu, nipe habari."

Siku moja ikaja barua ya mdogo wake, Bakari. Ilianza kama zote: sisi hapa wazima, hofu ni juu yako uliye mbali, watoto wanakusalimu, shangazi anakusalimu. Chini kabisa: mama hawezi, anakutaja, njoo.

Nilisoma salamu. Nikaikunja.

Sikusema uongo hata neno moja. Kwa miaka mingi nilijitetea hivyo. Nyumba haikuwa na paa, masika yalikaribia, nami nilikuwa na mimba ya miezi minane. Na mwaka uliotangulia aliitwa hivyo hivyo, akamkuta mama yake yuko shambani anapalilia mihogo, naye akazuiwa huko wiki tatu. Mimi niliyesoma nikaamua kwamba mama yule ni mzima.

Siku ya tano akaja binamu yake na habari ya msiba. Hamisi alifika kaburi limeshafukiwa. Mama yake alikufa bila kumwona kifunguamimba wake, bila kumpa radhi.

Aliporudi hakuniuliza kitu. Akapandisha mabati. Juma lililofuata akajiandikisha ngumbaru, mtu mzima mwenye mvi, daftari kwapani. Nikamtania, "Kalamu haibebwi begani kama gunia, baba Zuhura."

Hakucheka.

Baadaye kila barua niliyomletea aliisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya mstari, mpaka neno la mwisho. Nikadhani ni kiburi cha kujua herufi.

Alifariki mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimekaa eda, na Bakari akasimama nje ya pazia la chumba changu.

"Shemeji, hili limenikaa rohoni. Siku ile tulipomzika mama nilimuuliza kaka, barua hukuipata? Akanambia, niliipata, nikasomewa yote, kazi ndiyo iliyonizuia. Wallahi, shemeji, sikumsamehe. Na leo nimemzika vivyo hivyo."

Kumbe alijua. Alijulia pale pale kaburini. Akarudi, akala chakula changu, akanilelea wanangu, akakubali kuitwa na ukoo wake mtoto aliyemtupa mama. Ukaidi niliokuwa nikiulalamikia kwa majirani ndio ulionisitiri.

Na mimi, nyuma ya pazia, nilinyamaza.

Barua niliikunja kwa ujinga. Kimya hiki cha pili sina cha kukitetea. Nilimwacha Bakari aondoke na kinyongo juu ya ndugu asiye na kosa, kwa kuwa niliogopa kuonwa mbaya na mashemeji.

Hamisi siwezi tena kumwomba radhi. Nalia nikiandika, na machozi ya kizee hayana hata nguvu ya kutiririka.

Lakini Bakari yu hai. Naambiwa macho yake yameingia kiza, na barua husomewa na yeyote aliye karibu. Huenda naye msomaji wake akachoka njiani, au akaniona bibi kizee wa kuonewa haya, akaikunja.

Basi mvua ikipungua nitamwandikia kwa mkono wangu. Mstari wa kwanza utakuwa: Kaka yako hakusomewa, ni mimi niliyeficha.

Salamu nitaziweka mwisho.