Wimbo wa Sita, Upande wa Kwanza

Lindi, Kibera
Jumapili asubuhi

Baba mpendwa,

Naomba barua hii ikufikie ukiwa umekaa barazani upande wa kivuli, jicho la kulia likiwa limeacha kuuma, na Mama akiwa karibu ili akusomee, maana daktari amekukataza kusoma mpaka kidonda kipone. Mama, tafadhali usome polepole, wala usiruke aya yoyote, hata ile itakayomkera. Mimi ni mzima. Mafua yaliyonishika wakati wa mvua yamekwisha. Shuleni tumezibiwa paa, kwa hiyo darasa langu halihami tena kila wingu linapotanda. Je, mguu wa Mama unaendeleaje? Na yule ng'ombe mweupe amezaa, au bado mnamsubiri?

Ningekupigia simu, Baba, lakini kwenye simu hungenivumilia nifike mwisho, na jambo lenyewe liko mwishoni.

Uliniagiza niende Kawangware kwa Mzee Kariuki nikuletee mkanda wako. Kwanza nilijaribu kukuepusha na agizo hilo. Nilizitafuta nyimbo zako kumi za roki za miaka ya sabini, moja baada ya nyingine, nikakutumia zote kwenye simu ya kaka, safi kabisa, bila mkwaruzo. Ukasikiliza nne, ukasema, "Huu wa nne unaanza kabla sijawa tayari." Nilidhani ni ukaidi wa mgonjwa. Baadaye nikakumbuka kwamba katika mkanda wenu wimbo wa nne unatanguliwa na kimya kirefu, kwa sababu siku mliyorekodi Kariuki alichelewa kuishusha sindano ya santuri. Ulikuwa umekizoea kimya kile kama sehemu ya wimbo. Hapo nikakubali kwenda.

Naomba niyapange tunayokubaliana, kwa kuwa Mama ameyasikia kwa vipande tu. Wewe na Kariuki mlikuwa vibarua katika kiwanda kimoja. Yeye, mtoto wa mwenye ploti Kawangware, alikuwa na santuri. Wewe, mpangaji wa Kisumu Ndogo hapa Kibera, ulinunua kaseti. Mlichagua nyimbo kumi na kubishana juu ya mpangilio wake kwa wiki nzima, mkazijaza upande wa kwanza, mkauacha wa pili mtupu kwa ajili ya nyimbo ambazo hamjazipata. Kisha ukakivunja kile kipande kidogo cha plastiki kilicho nyuma ya kaseti, cha upande wa kwanza peke yake, ili mtu yeyote asiweze kurekodi juu yake. Mkaweka na sheria. Mkanda ungekaa mwezi kwako, mwezi kwake. Mwenye nao angeupeleka mwenyewe kwa miguu, Jumapili ya mwisho wa mwezi, bila kumtuma mtu, ukiwa umekwisha kurudishwa mwanzo kwa kalamu ili kuokoa betri. Mliishika sheria hiyo miaka minane.

Halafu ikaja ile Jumapili uliporudi kutoka Kawangware mikono mitupu. Nilikuwa na miaka tisa. Ulituambia kwamba mahali pa wimbo wa sita, ule mrefu unaoanza na gitaa moja la upole na kuishia kwa ngoma kama mvua ya mawe juu ya mabati, palikuwa na wanawake wanaimba wimbo wa kanisani. Mkanda ulikuwa umekaa mwezi mzima kwa Kariuki; yeye alikuwa safarini na kurudi siku hiyo, ndiyo maana uliufuata mwenyewe, na mkewe Wambui aliyebaki nao alikuwa mwimbaji wa kwaya. Ukauzima baada ya mistari miwili, ukamwambia Kariuki neno ambalo hukutuambia sisi, ukaondoka. Hujasema naye tangu hapo. Ni miaka thelathini na mitano.

Jumamosi nilishuka kutoka Lindi nikatembea hadi Kawangware. Ploti ya Kariuki sasa ina ghorofa mbili. Kwenye lango palikuwa na msichana anayefua, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"Kama ni nyumba unatafuta, zimejaa."

"Namtafuta mwenye ploti."

"Guka? Babu ako huko nyuma. Lakini ongea kwa nguvu, leo ni siku ya magitaa yake. Hapa Jumamosi hata mtoto mchanga hulazimika kulala na hiyo kelele."

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo imelala mapajani. Nywele zimekwisha, lakini kiatu bado kinapiga mdundo chini kama ulivyonisimulia. Nilipotaja jina lako alizima redio.

"Odhis amekutuma?"

"Ndiyo, Mzee. Amefanyiwa upasuaji wa jicho. Anaomba mkanda."

"Anaomba?" Akamgeukia mkewe aliyekuwa akichambua maharagwe. "Umesikia, Wambui? Odhis siku hizi anaomba."

"Muulize kama anaomba na msamaha," akasema Wambui bila kuinua macho. "Mimi niliitwa mwizi wa wimbo. Na ile kwaya kwanza ilikuwa inaimba vibaya. Angalau angenishtaki kwa kwaya inayojua kuimba!"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja, Baba. Unanijua. Nilikuwa nimezipanga tarehe na zamu, na nilikuwa tayari kumwonyesha Mzee Kariuki, kwa heshima, kwamba nyumba iliyokaa na kitu mwezi mzima ndiyo ya kwanza kuulizwa. Hakunipa nafasi. Aliingia ndani akarudi na kaseti, iko ndani ya kasha lake, maandishi yako ya wino wa buluu bado yanasomeka. Akaiweka kwenye redio. Tukasikiliza nyimbo tano, na kimya kile cha wimbo wa nne nilikisubiri na mimi pia, nikagundua kwamba bila hicho gitaa halina pa kuingilia.

Wimbo wa tano ukaisha. Pakasikika mlio mfupi wa kitufe, kisha ngoma, kisha wanawake. Nikautambua wimbo kabla ya mstari wa pili. Haukuwa wa kanisa la Wambui. Ulikuwa wa kanisa lililopakana na chumba chetu Kisumu Ndogo, umesikika kupitia ukuta wa udongo, na ndiyo maana sauti zilikuwa nzito kama zinazotoka ndani ya mtungi. Wewe ulizima hapo. Kariuki hakuzima. Wimbo ulipokwisha, sauti ya mtoto ikasema karibu kabisa, ikihema:

"Baba, huu ni wa kwaya yetu, nimechaguliwa. Usiufute."

Ilikuwa sauti yangu.

Nakueleza nilichofanya bila kukipunguza. Nilikuwa nimechaguliwa kuimba na nilitaka kujifunza wimbo nyumbani, na kaseti ilikuwa hiyo moja tu. Nilijua upande wa pili ni mtupu. Nikaigeuza, au nikaamini nimeigeuza. Kitufe cha kurekodi kilipokataa kushuka, nilifanya nilichokuona ukifanya kwa kaseti nyingine: nikakunja karatasi nikaziba tundu. Kitufe kikashuka. Baada ya kumaliza nikaurudisha mkanda mwanzo kwa kalamu, kwa uangalifu, kama sheria inavyotaka, na siku iliyofuata ukaupeleka Kawangware. Mlipogombana sikuihusisha habari hiyo na mimi, kwa sababu wimbo wangu, nilivyoamini, ulikuwa upande wa pili.

Lakini upande wa pili haukuvunjwa plastiki. Haukuhitaji karatasi. Kule kukataa kwa kitufe kulikuwa ni wewe ukiniambia nisimame, nami nikatafuta karatasi. Nimewafundisha watoto miaka ishirini kwamba jibu lisilolingana na swali lirudiwe, na hili langu sikulirudia hata mara moja.

Kariuki akafungua kasha akanitolea ile karatasi. Ni ya daftari la hesabu, yenye jedwali la saba, na kila saba imekatwa kiunoni kwa kistari kama ulivyonifundisha wewe. Niliishika, nikazisoma saba zangu moja moja, nikairudisha.

"Kwa nini hukumwambia?" nikamuuliza.

"Nilitaka. Nilisikiliza hadi mwisho siku hiyo hiyo alipoondoka, nikatoka mbio hadi barabarani. Halafu nikakumbuka: mwezi ule alikuwa amemchapa kaka yako kwa kuvunja antena ya redio. Nikasema, kama antena ni hivyo, huyu wa mkanda itakuwaje? Na tusidanganyane, niliudhika. Miaka minane namletea mkanda kwa miguu, na hawezi kuniuliza swali moja?"

"Na baada ya hapo, nilipokua?"

"Baada ya hapo nilikuwa nimezoea kuudhika."

"Ungerekodi tena ule wimbo juu yake," nikasema. "Santuri ulikuwa nayo."

Wambui akanijibu kabla yake. "Aliambiwa usiufute. Ungemwona nilipojaribu kumshauri! Ati mtoto ameomba."

Baba, sikuombi unisamehe kwa hoja kwamba nilikuwa mtoto. Umri unaeleza kosa, haumlipi mtu aliyelibeba. Uliyekosana naye hakukukosea, na alichokificha alikificha ili nisichapwe. Natamani ungekuwa umemuuliza. Nalisema hili mara moja tu, na kwa heshima, kwa kuwa na mimi sikuuliza.

Nilimwomba mkanda nikuletee. Akakataa. Alisema zamu yake imepitiliza sana, anakiri, lakini sheria ni sheria: mwenye nao ndiye anayeupeleka, kwa mkono wake, bila mjumbe, na hata binti ni mjumbe. Yuko tayari kusafiri hadi nyumbani ziwani na fimbo yake. Ila hatakanyaga kwa mtu ambaye hajamwita. Mkanda wenyewe umechakaa; wimbo wa pili ulilia mahali pawili, na anahesabu kwamba umebakiza kuchezwa mara chache kabla haujakatika. Hataucheza tena mpaka muwe wawili.

Kuhusu wimbo wa sita, haurudi. Nilipendekeza nimwekee ule niliokutumia, akacheka. Alichukua gitaa lake la zamani akanionyesha: mkono wa kushoto bado unajua njia yote, ule upole wa mwanzo hadi vurugu ya mwisho, lakini maneno yamemtoka. Nikamwambia kwamba wewe unayaimba yote kila unaponyoa ndevu, na ngazi za gitaa hukuwahi kuzipata.

"Bado anaimba kwa pua?" akauliza.

"Bado, Mzee."

"Basi amwambie huyo daktari wa macho atazame na pua."

Namba yake nimeiandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi iliyo ndani ya bahasha hii, ili Mama aibonyeze na akupe simu mkononi. Huwa barazani saa kumi jioni.

Nisalimie shangazi anayeuza dagaa wa omena sokoni, na mke wa kaka aliyekutunza hospitalini, na kaka mwenyewe. Mwambie nina deni la kumsimulia jinsi antena yake ilivyoniokoa nisichapwe. Msalimie pia katekista wa kanisa letu la zamani, aliyestaafia huko, ila usimwambie kwamba kwaya yake ilisemwa vibaya.

Nilipokuwa nikiaga, Mzee Kariuki alikuwa amekwisha kuitoa kaseti kwenye redio. Nilipofika langoni niligeuka. Alikuwa ameinamia mapaja yake, kalamu ndani ya tundu la kaseti, akiurudisha mkanda mwanzo, taratibu, mzunguko mmoja mmoja, kama mtu ambaye Jumapili ya mwisho wa mwezi imekaribia.

Ni mimi binti yako, mwenye ile sauti ya upande wa kwanza,
Atieno