Maji Yaliyoingia Kwenye Saa ya Baba

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Mimi sijambo kiasi, ingawa nakuandikia nimeketi wima kama picha ya pasipoti, maana nimekatazwa kuinama.

Nilikuwa hospitali. Unakumbuka pua yangu mliyoibatiza jina la Bomba? Kila nikiinamia meza ya kutengenezea saa, tundu la kulia lilichuruzika maji maangavu, mepesi, yenye chumvi. (Naam, niliyaonja, usimwambie wifi.) Mwaka mzima nilimeza dawa za mafua na za mzio, nikalaumu vumbi la saa za watu. Kichwa nacho kiliuma, nikalaumu miwani.

Mwishowe daktari wa pua alinipa kichupa, akaniambia niinamishe kichwa niyakinge maji hayo. Maabara wakakuta protini ya maji yanayozunguka ubongo. Kumbe hayakuwa mafua, dada yako alikuwa anavuja kichwa! Najua utasema ulishaona kitambo kwamba napungua. Picha ikaonyesha mfupa mwembamba ulio kati ya pua na ubongo umetoboka. Niliapa sijaanguka wala kupigwa. Akasema huweza kutokea bila hayo: presha ya maji hupanda kichwani, ikaula mfupa polepole, hasa kwa wanawake wa umri wangu na, hapo akatafuta neno, wa mwili wangu. Ningeendelea kuvuja, vijidudu vingeweza kupanda hadi kwenye utando wa ubongo. Madaktari wakanipasua kwa kupitia puani, bila kunichana uso, wakaweka kiraka cha ngozi laini ya humo humo. Sasa nameza dawa ya kushusha presha hiyo, nalala na mito mirefu, sipengi kamasi, na chafya ikija napanua mdomo kama kiboko.

Lakini kalamu sikuishika kwa ajili ya hayo. Siku ile uliponiletea saa ya baba niisafishe, ulikaa mbele yangu ukinisimulia vituko vya watoto. Tone likadondoka kutoka puani kwangu, likaingia katikati ya magurudumu yake. Nililiona. Niliona haya, fundi mzima kuchuruzika juu ya kazi, nikafunga kifuniko upesi nikakurudishia. Ilipokufa kwa kutu, nikasema mbele ya mama na ndugu wote kwamba unaoga nayo. Ukaapa huogi nayo. Nikasema basi huogi kabisa. Wakacheka, na mama akakunyang'anya saa. Tangu hapo hukanyagi kwake.

Maji yalikuwa yangu, mdogo wangu.

Jana nilimwambia mama. Hakucheka. Alisema tu, "Mwombe mwenyewe. Usinitume mimi." Saa ameitoa kabatini, iko hapa mbele yangu. Nikiruhusiwa kusafiri nitakuletea kwa mkono wangu, kama utanifungulia mlango.

Msalimie wifi, uwakumbatie watoto. Daktari amenikataza kuinama, lakini kwako nimeinama.

Dada yako,
Bomba