Aliyetafsiri Kimya Chetu

Roviana, 4 Machi 1996

Mwanangu Elsina,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi mzima, ni magoti tu yananisumbua. Baba yako mzima wa mwili, roho ndiyo haijatulia. Wewe je, ile homa imekuachia? Unakula?

Mwanangu, kampuni yenu ya kukata miti imeshusha mashine ufukweni kwetu, kubwa kuliko nyumba ya mchungaji. Miti imepakwa rangi nyekundu mpaka juu kilimani, mpaka penye mafuvu ya babu zako. Tukimuuliza kijana anayeendesha mashine nani kawaruhusu, hajui lugha yetu wala Pijini ya visiwa vyote. Anacheka tu, anaonyesha kilima kwa kidole.

Watu wameanza kunitazama vibaya. Jana mtoni Beti kanirushia neno mbele ya wenzake: "Mpisheni mama wa kampuni, mto si wake sasa?" Nilicheka nao, nikajitwisha ndoo yangu nikarudi. Hebu waulize huko ofisini: nani aliwaambia ndiyo?

Mama yako

Honiara, 13 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Homa imekwisha, namshukuru Mungu. Nakula, ingawa samaki wa huku hana ladha ya wako.

Nimeuliza. Bwana Ling, mwenye kampuni, mtu wa Sarawak ng'ambo, anaamini kabisa kwamba kijiji kilikubali. Alikuja huko mwaka jana, kabla mimi sijaajiriwa, na mkalimani wake Maeliau, mtu wa kisiwa cha Malaita asiyejua hata neno moja la lugha yetu. Wazee walimsikiliza, wakainamisha vichwa, wakanyamaza. Maeliau akamwambia, "Hakuna aliyepinga." Halafu mkawachomea nguruwe, wakala wakashiba. Kwao, Mama, mwenyeji akikulisha baada ya mazungumzo, basi biashara imekamilika. Kwetu tunamlisha hata yule tunayemfukuza.

Naogopa kumweleza Bwana Ling. Akikasirika hugonga meza vikombe vikaruka. Mwenzangu mmoja alimsahihisha mbele ya wageni, kesho yake hatukumwona tena kazini. Lakini nitamwambia, nikimpata peke yake. Mwombe Baba asifanye jambo.

Binti yako

Roviana, 20 Machi

Elsina mwanangu,

Hatujambo, kwa kusema tu.

Mashine imepanda kilimani. Imebomoa ukuta wa mahali pa mafuvu. Yule kijana hakujua, yeye aliona rundo la mawe. Alipowaona wanaume wanamjia na mapanga aliruka chini, akakimbilia baharini mpaka maji yakamfika kifuani, analia kwa lugha yake. Baba yako ndiye aliyewazuia. Wamemfungia kijana katika nyumba ya mitumbwi. Baba yako akasema mbele ya wote: "Huyu katumwa. Aliyemtuma akija, mimi simzuii mtu."

Miaka yote hii sijawahi kumwogopa baba yako. Sasa namwogopa. Na paa letu limerushiwa mawe.

Mwambie bwana wako wa kazini asije. Asije, Elsina.

Mama yako

Honiara, 9 Aprili

Mama yangu,

Natumaini hii inakukuta salama, maana sijui nikuulizie nini kwanza. Meli iliharibika injini, barua yako imefika leo asubuhi. Nimeingia nayo kwa Bwana Ling nikamsomea neno kwa neno.

Akauliza, "Kwa nini hakuna aliyesema hapana?"

"Walisema, bosi. Walinyamaza."

Hakugonga meza. Kijana yule ni mtoto wa dada yake, Mama. Akaniuliza, "Wataniua?" Nikamjibu sijui. Kweli sijui.

Anaondoka jioni hii, na barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Maeliau amekataa kumfuata. Nilitaka kwenda mimi, akanikatalia: "Wakikuona nami watasema umewauza." Basi nakuomba wewe. Pijini unaijua, umeizungumza kwenye vikao vya akina mama wa kanisa. Simama kati yao. Usilainishe neno la mtu.

Nisamehe kukupa mzigo huu.

Binti yako

Roviana, 16 Aprili

Elsina mwanangu,

Tuko hai sote, nianze na hilo. Wewe hujambo?

Alishuka peke yake, amevaa viatu vya ofisini. Nilisoma barua yako pale pale ufukweni. Mwanamke hasemi katika kikao cha kilima, unajua. Nikasema hivyo hivyo.

Walikaa karibu na ukuta uliobomoka, mimi nimesimama nje ya mpaka ambao mwanamke havuki. Baba yako akasema, "Mwambie amewavunjia baba zangu nyumba." Nikamwambia, bila kupunguza. Bwana Ling akainama mpaka chini, halafu, Mungu wangu, akaokota jiwe la ukuta alirudishe mahali pake! Kwao labda ndiyo kuomba radhi. Kwetu mgeni akiyagusa mawe yale ni tusi juu ya tusi. Mapanga yakainuka. Nikapiga kelele kwa lugha zote mbili, "Ametaka kutengeneza! Bwana, usisogee!" Akaganda, jiwe mkononi. Nilifumba macho.

Nilipoyafumbua, baba yako alikuwa amemshika kiganja. Akalitwaa lile jiwe, akaliweka mwenyewe. Akaniambia, "Mwambie hivi ndivyo tunavyofanya. Na mwambie miti haiuzwi."

Bwana Ling akasema amesikia. Nikamuuliza, umesikia, au umekubali? Akajibu, "Nimekubali." Wameondoka na mpwa wake. Meli ya kuchukua mashine itakuja mwezi ujao.

Lakini vijana hapa wanataka kuichoma moto. Ikichomwa, askari watatujia, na hapo hata mkalimani hatusaidii. Baba yako amebeba mkeka wake na kahawa, amekwenda kukaa chini ya mashine, peke yake, ailinde.

Mama yako