Mafuta ya Mwamba

Shelui, Jumanne usiku

Wewe uliyefungua shajara hii, nakusihi usimwambie mtu hata neno moja, hasa bosi wangu, Mzee Juma.

Kosa ni langu. Asubuhi aliniuliza, "Karani, wewe umesoma. Petroli maana yake nini?" Nikamweleza taratibu kwamba petra ni mwamba kwa Kigiriki, na oleum ni mafuta kwa Kilatini. Kwa hiyo ni mafuta ya mwamba.

Akayatazama mawe yaliyojaa nyuma ya kiwanda chetu cha kukamua alizeti. Ningejua...

Mchana mashine ililia kama punda, kisha ikazima. Nilimkuta mzee ameinama, jiwe moja limebaki mkononi.

"Hayatoi kitu," akasema. "Labda yalitakiwa kuanikwa kwanza."

"Labda, mzee," nikasema. Ningesema nini?

Wateja amewaambia mashine imeharibiwa na alizeti mbichi, nami nikatikisa kichwa kukubali. Kesho fundi akifungua atakuta kokoto.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Tulipokuwa tunafunga, aliniuliza, "Na dizeli je, imetokana na nini?"

Nikasema nitaangalia. Najua vizuri sana. Dizeli ni jina la mtu.

Kesho siendi kazini. Ukinihitaji, niko kwa shangazi yangu Kiomboi. Pitia mlango wa jikoni, ugonge polepole, na kabla sijakufungulia uniambie kama ile mashine imeshapona.