Muhogo wa Feza na wa Koko

Kindu, Mikelenge

Mpendwa yaya Ngalula, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe na Mama. Hapa mvua haikomi, na muhogo uliolowekwa umekataa kulainika. Bibi jirani yetu, Koko Asumini, alisema ni mkosi wa mke wa mwanawe, Feza, anayeloweka huku amenuna. "Arudi kwao Obokote!" Feza alikuwa ameshafunga nguo zake.

Tantine Kapinga, shangazi yetu ninayekaa kwake, mwalimu wa biolojia hadi jikoni, hakubishana. Aligawa kikapu kimoja cha muhogo katika ndoo mbili za maji yaleyale. "Moja aloweke Feza, ingine uloweke weye, Koko. Kisha tutaona."

Leo tumefunua. Muhogo wa Feza mgumu. Koko akabonyeza wake, akapiga makofi, akacheka: "Na wangu iko nguvu! Basi munirudishe na mie kwetu!" Feza akaenda kufungua furushi la nguo zake.

Nikamwuliza Tantine kama ni baridi ya mvua. "Pengine. Sijui bado," akajibu mbele ya majirani wote, akainama kuosha ndoo ajaribu tena. Yaya, mimi darasani nisipojua huinamisha kichwa. Natamani kusema "sijui" kwa sauti kama yake.

Mungu awape afya. Nimewakumbuka mno.

Mdogo wako, Mbuyi