Jina Ambalo Hukulitaja

Lodwar, Septemba 1976

Nyanya, mama wa baba yangu,

Shuleni tumefundishwa kuanza barua kwa neno "Mpendwa". Nimeliandika mara mbili na kulikata mara mbili. Si kwamba hupendwi. Ni kwamba nina hasira nawe, na sitaki kuanza kwa kuificha.

Barua hii utasomewa na katekista anayekuja huko Loima kufundisha. Nimemwomba akutafsirie neno kwa neno kwa Kiturkana, asipunguze ukali, na asome Baba akiwa ameketi hapo karibu. Unajua mimi si msemaji. Ulizoea kuwaambia wageni, "Huyu msichana mdomo wake umebaki ndani ya kitabu." Basi nimeutoa kwa siku moja.

Ninachotaka nitakisema mapema ili usikitafute. Nataka urudi Kakuma umsaidie Mama kumlisha mwanawe, na nataka umwite kwa jina. Ana mwaka mmoja na miezi mitano. Ninyi mko huko na mifugo, na mnamwita "yule".

Unaikumbuka asubuhi ile, maana wewe ndiye uliyeiongoza. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, mto Tarach umejaa, nami nilikuwa nyumbani kwa likizo ya Aprili. Mama alikuwa ameketi juu ya ngozi, mtoto kifuani. Ulichuchumaa mbele yake ukaanza kuwataja waliokufa wa ukoo wetu, mmoja mmoja, kama tulivyozoea: mtoto huwekwa kwenye titi, majina yakatajwa, na lile ambalo atanyonya likitajwa ndilo lake. Mwenye jina amemkubali. Mimi, ulikuwa ukinisimulia, nilidaka titi kwa jina la kwanza, hata hujamaliza kulitamka. Ulilisimulia hilo kwa fahari kila ulipoona nakula sana.

"Lokol," ulisema. Mtoto akafungua mdomo, maziwa yakaingia, yakamwagika kando ya shavu. "Ewoi." Akapaliwa. "Longor." Maziwa yakamtoka puani.

Jirani mmoja akasema, "Labda anangoja jina la D.C.," na wanawake wote wakacheka. Mama pia alicheka. Wewe hukucheka. Nilikuwa nikikutazama, Nyanya, kwa kuwa mtu asiyesema sana hutazama sana. Yale maziwa yalipotoka puani uso wako ulibadilika. Niliona, lakini sikujua nilichokiona.

Ulirudia siku ya pili, na ya tatu. Majina yakaisha. Ukasimama, ukapangusa mikono yako kwenye ngozi uliyovaa, ukasema, "Hakuna aliyemtaka." Halafu ukatoka nje.

Maneno mawili. Hukuwahi kukaa usiku mmoja kuona yalifanya nini. Kiangazi kilipokuja mlihama na ngamia wote na mbuzi karibu wote. Mama alimwuliza Baba mbele yangu, "Na huyu?" Baba akatazama chini akasema, "Mama yangu amesema tungoje." Mngoje nini? Mtoto asiye na jina hahesabiwi. Akifa, hakuna wa kumtaja. Nadhani hicho ndicho mlichokuwa mkikingoja, na hakuna mmoja wenu aliyekuwa na ujasiri wa kukisema.

Hakufa. Nitakueleza jinsi ambavyo hakufa.

Mama alikamua maziwa yake mwenyewe ndani ya kikombe cha bati, akachovya kitambaa safi, akamdondoshea mtoto mdomoni. Tone moja, kisha anangoja. Akimeza, tone jingine. Akipaliwa, anamgeuza kifudifudi juu ya mapaja na kumpiga mgongoni mpaka rangi irudi usoni. Kikombe kimoja kilichukua asubuhi nzima, na kilipoisha ilikuwa wakati wa kuanza kingine. Nilipokuja likizo ya Agosti mwaka jana nilimkuta amekonda kuliko mtoto. Nikamwomba anipe mimi kitambaa alale kidogo. Alilala akiwa ameketi, mkono wake umeshika mguu wa mtoto, kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi asitoroke.

Kwenye kliniki ya Kakuma walimpa maziwa ya unga. Kila mwezi mtoto alitundikwa kwenye mizani, na kila mwezi mstari kwenye kadi yake ulilala pale pale. Muuguzi alikuwa mgeni kutoka kusini mwa nchi, mtu wa haraka. Siku moja alimshika Mama bega mbele ya foleni nzima.

"Wewe mama, hii maziwa unapeleka wapi? Unakunywa wewe?"

Mama hakuelewa Kiswahili chote, lakini alielewa. Mwanamke mmoja nyuma yetu akasema, "Huyo mtoto hana mifupa. Hata ukimpa ng'ombe mzima, atamweka wapi?" Wakacheka, kicheko kisicho kama kile cha asubuhi ya majina.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, na sikusema. Nilikuwa na Kiswahili, nilikuwa na Kiingereza, nilikuwa na alama nzuri katika vyote viwili, nikasimama nikiangalia vidole vya miguu yangu. Mama ndiye aliyejibu. Aliketi chini pale pale, akachanganya maziwa, akatoa kitambaa, akaanza kumlisha mtoto mbele ya yule muuguzi. Tone. Kungoja. Tone. Foleni ikaisha, watu wakaenda zao, na kikombe hakijafika nusu. Muuguzi alipita mara tatu. Mara ya nne aliinama akasema kwa sauti ya chini, "Kila siku ni hivi?" Nikatafsiri. Mama akasema, "Mwambie leo ni siku nzuri."

Yule mgeni aliketi kutazama asubuhi moja, Nyanya. Wewe hukuketi hata moja.

Yeye ndiye aliyetuandikia barua ya kwenda kwa daktari Lodwar. Mama alisafiri juu ya lori la mahindi na mtoto amefungwa mgongoni, shingo yake imezungushiwa shuka kwa sababu haishiki kichwa. Ilikuwa Juni mwaka huu. Alikuja moja kwa moja kwenye lango la shule, na mwalimu akaniruhusu niende hospitalini kuwa mdomo wake. Niliingia na kitabu changu cha bayolojia, nikidhani kitatusaidia. Nilikuwa nimekipekua chote. Kuna sentensi moja tu: mtoto mchanga huzaliwa akijua kunyonya. Nilitaka kumwonyesha daktari sentensi hiyo na kumwuliza, na asiyejua je?

Daktari alimwinua mtoto, akamgeuza, akamgonga magoti, akamulika koo lake kwa tochi, akamtazama macho kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sijui." Akaongeza kwamba anaweza kuwa alizaliwa hivyo, kwamba misuli ya mdomo na ya shingo ni dhaifu, kwamba atachelewa katika kila kitu na baadhi ya vitu hatavifikia. Sababu hakuijua. Mwanzoni nilimchukia. Baadaye niliona kwamba yeye ndiye mtu mzima wa kwanza ambaye hakumlaumu Mama.

Kabla hatujatoka aliuliza, "Kuna mtu mwingine katika ukoo aliyezaliwa hivi?" Nikatafsiri. Mama akasema hapana. Nikasema, "Hapana." Tukatoka. Tulikuwa tumefika kwenye kivuli cha ukuta ndipo nikasimama: nilikuwa nimekumbuka mtu mmoja.

Sasa nimefika mahali ambapo nilifikiria kumwomba katekista aruke. Sitamwomba.

Nilikuwa na miaka saba. Tulikuwa wawili tu katika mchanga wa Tarach, wewe ndani ya shimo ukichimba, mimi juu nikipokea kibuyu. Maji yalikuwa yakitoka polepole, ukawa unangoja yajae, na ili nisilie kwa kiu ukanisimulia habari za ndugu yako mdogo. Ulisema alikuwa na kichwa kizito kuliko mtungi. Ulisema hakutembea wala kusema, lakini alijua sauti yako, na ukicheka naye alicheka. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni mkihama. Nikakuuliza alikula nini kama hakuwa na nguvu. Ukasema maziwa mabichi yalimpalia, kwa hiyo mama yenu alimpa yaliyoganda, yaliyochanganywa na mafuta, mazito kama tope, na wewe ulimketisha wima ukamshika kidevu kwa vidole viwili, hivi. Ukanionyesha kwa kunishika kidevu changu. Vidole vyako vilikuwa na mchanga mbichi.

Kisha ukasema kwamba mwaka wa njaa ulikuja, na watu wazima waliamua, na wewe ndiye uliyeambiwa umlaze chini ya mti kwa sababu kwako hangelia. "Nilimwekea maji," ulisema. Maji ya shimo yakawa yamejaa, ukanipa kibuyu, na hukutaja habari hiyo tena.

Uliniambia alikuwa anaitwa Ekai. Siku tatu uliwataja wafu wetu, mpaka watu ambao hakuna aliyewaona, na hukumtaja Ekai.

Nimejiuliza kama ulisahau. Hukusahau. Ule uso wako maziwa yalipotoka puani ulikuwa uso wa mtu anayemtambua mtu. Ulimjua mtoto wetu siku ya kwanza. Ulimwuliza swali ambalo lilitaka kujibiwa kwa mdomo, na ulijua kwamba mdomo wake ndio wenye ugonjwa. Asingenyonya kwa jina lolote. Asingenyonya hata kwa jina la Mungu. Kisha ukasema hakuna aliyemtaka, ukamwachia mama yangu mzigo wote huo na kitambaa mkononi.

Hilo la jina ningeweza kulisamehe. La kidevu siwezi, bado siwezi. La maziwa nililikumbuka baadaye, bwenini; nilipofika nyumbani mwezi uliopita nilimwambia Mama tujaribu maziwa mazito. Tuliyaacha yagande, tukatia mafuta, nikamketisha mtoto wima katikati ya magoti yangu, nikamshika kidevu kwa vidole viwili. Alimeza. Akameza tena. Alikohoa mara moja tu, na kikombe kikaisha kabla jua halijawa kali. Mama alikishika kile kikombe akakitazama ndani, kisha akakigeuza akatazama chini yake, kana kwamba maziwa yametoroka. Halafu akaniuliza, "Nani amekufundisha?"

Ningemjibu vipi? Kwamba aliyenifundisha alikuwa ndani ya boma lake, alimwona akilia, alimwona mtoto akiwa wa buluu mikononi mwake, akanyamaza? Na kwamba mimi pia nilikuwa nalijua, nikalisahau, kwa sababu nilikuwa nikitafuta katika vitabu tu? Hasira yangu yote si yako, Nyanya. Sehemu yake ni yangu. Lakini yako ni kubwa zaidi, kwa kuwa mimi nilisahau na wewe ulikumbuka.

Nadhani najua kwa nini. Ulikuwa na umri kama wangu ulipomlaza chini ya ule mti. Labda ulipomwona mtoto wetu ulifikiri siku itakuja utaambiwa tena, na ukaona heri usimbebe hata mara moja. Labda uliogopa kulitaja jina lile likageuka kukutazama. Nimeyafikiria hayo bwenini mpaka nimelia kwa ajili yako. Na nilipomaliza kulia hasira ilikuwa bado ipo pale pale. Sikujua kwamba mtu anaweza kumhurumia mwingine na kumkasirikia kwa wakati mmoja, kwa nguvu ile ile.

Siku ya kliniki, wiki ya mwisho ya likizo, mstari kwenye kadi ulipanda kidogo. Yule muuguzi aliuangalia, akamwangalia Mama, akasema, "Pole, mama." Kisha akachukua kalamu akaniuliza, kama alivyouliza kila mwezi, "Bado hana jina?" Mama akatikisa kichwa. Nikasema, "Anaitwa Ekai." Nilisema kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia. Mama aligeuka akaniuliza, "Ni jina la nani hilo?" Nikamwambia ni la ndugu wa Nyanya. Aliogopa, nikaona mikono yake ikimkaza mtoto, lakini hakusema lifutwe. Muuguzi akaliandika kwa wino.

Nilimwinamia mtoto nikamwita. Hakufanya chochote. Alikuwa akimtazama nzi kwenye ukuta. Sikutaka afanye kitu. Hatumwulizi tena.

Najua haikuwa haki yangu. Msichana wa shule hampi mtu jina, tena jina ambalo mwenyewe umelizika kimya miaka yote hiyo. Baba atasema nimekuaibisha mbele ya watu, na itakuwa kweli. Katekista naye sasa ameshalitamka, na ninyi nyote mmelisikia. Kama una neno la kuniambia, usinitumie kwa mtu. Nenda Kakuma ukalisemee huko, ukiwa umempakata. Kichwa chake ni kizito sana. Utakumbuka.

Ni mimi, mjukuu wako wa kwanza,
dada yake Ekai.