Chupa Mbili za Maji ya Kisima

Chumba cha Kuoshea Vyombo,
Maabara ya Maji.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mkwe wangu Chiriku,

Wote wanaisimulia vibaya hii habari. Mama mkwe wako aliisimulia vibaya, majirani wanaisimulia vibaya, na mumeo ndiyo kabisa, maana yeye hakuisimulia, alinuna tu. Anayeijua ni mimi. Lakini salamu kwanza, usije ukasema baba mkwe amezeeka na adabu imemtoka.

Hujambo mwanangu? Ile homa iliyokukausha maziwa imekwisha? Unakula? Huko kwa shangazi yako unaimba ukifua nguo, au bado umenyamaza kama ulivyoondoka huku? Mimi mzima, goti tu linalia kama bawaba. Meno yamebaki manne, lakini ni yale ya mbele ya kuchekea, kwa hiyo sijambo.

Usinicheke mwandiko. Herufi nilijifunza kwenye lebo za chupa, ndiyo maana "sumu" naiandika vizuri kuliko jina langu. Miaka thelathini na moja naosha chupa za maabara hii. Wakubwa sita wamekuja wakaondoka, mimi nipo. Chupa ya kupimia madini nasuuza kwa asidi ya nitriki. Chupa ya kupimia chumvi, maji safi matupu, mara tano. Nifumbe macho, nitakwambia ipi ni ipi. Sijawahi kuharibu hata moja. Waulize.

Haya. Wanasema mke wangu mdogo, yule mjukuu wangu wa miezi mitatu aliyekuwa ananivuta ndevu, amekufa kwa sababu mama yake mvivu, hakuchemsha maji ya kukorogea maziwa ya kopo. Uongo. Nilikuona kwa macho yangu. Ulichemsha mpaka sufuria ikaota ukoko mweupe. Midomo yake ilipoanza kugeuka buluu, ukazidi kuchemsha.

Baada ya mazishi nesi wa zahanati ndiye aliyeuliza, maji ya nyumba hii mnachota wapi? Nikajipiga kifua. Kisima changu! Nimekichimba kwa mikono hii, maji matamu, ya baridi, hata mawe yananisifu. Akasema, basi mzee, si unafanya kazi maabara, wapelekee wayapime.

Nikapeleka chupa moja. Fundi wa mashine, yule dada mwenye miwani ya kamba, akaniwekea kiti nitazame. Mashine yenyewe unaipa maji kidogo, inayasukuma kwenye mrija uliojaa chembe laini kama unga. Zile chumvi zilizoyeyuka, wao wanaziita ioni, zinapita mle kama watu sokoni: moja ina haraka zake, nyingine inasimama kumsalimia kila mtu. Ndiyo zinavyoachana. Mlangoni pa kutokea kuna kipimo cha umeme. Kundi likipita, umeme unashtuka, kioo kinachora kilima. Kilima kirefu, ujue ni nyingi. Chumvi ya kawaida ikatoka mapema. Dakika ya tisa ikatoka nitreti, na kilima kikapanda mpaka kikatoka nje ya kioo.

"Mzee, chupa hii umeisuuza na nini?"

"Asidi. Lo! Nimesahau."

"Wewe? Asidi ya nitriki si ndiyo nitreti hiyo hiyo, umenitilia! Leo muosha chupa kaoshwa." Akacheka, na mimi nikacheka. "Haya, kesho niletee nyingine."

Kesho ikawa keshokutwa. Wiki ile unaijua, mama mkwe wako na ule ulimi. Ijumaa ukabeba begi. Ulinishika mkono ukasema, "Baba, nilichemsha." Nikakwambia najua. Nikakwambia wewe peke yako, tena kwa sauti ya chini.

Miezi mitano ikapita. Mwezi jana ndiyo nikapeleka chupa ya pili, maji safi, mara tano. Kilima kikaja dakika ile ile. Kifupi kuliko cha kwanza, lakini mara sita ya kinachoruhusiwa. Safari hii fundi hakucheka. Akaniambia nitreti inatoka chooni, inapita chini kwa chini mpaka kisimani. Mtu mzima anakunywa, anapona. Mtoto mchanga, damu yake inashindwa kubeba pumzi. Na moto hauiondoi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki.

Hapa naandika polepole, nawe usome polepole. Hukujua. Ulifanya anachofanya kila mama anayempenda mwanawe. Kisima ni changu, choo ni changu, na kati yao ni hatua kumi na mbili nilizozipima mimi.

Kisima nimekifukia, siku nne, na goti hili. Karatasi ya kilima nimewaonyesha ukoo mzima. Mumeo akatoka nje, akalia mpaka akakaa chini. Mama mkwe wako hajasema neno, na wewe unajua huo ni muujiza wa ukubwa gani. Jana nimemkuta anakunja zile nguo ndogo. Mumeo anakuja huko Alhamisi kukuomba radhi. Umpe kiti au umfungie mlango, uamuzi wako.

Nisalimie shangazi yako, na mume wake fundi cherehani, mwambie suruali aliyonishonea bado inanibana. Mungu akurudishie usingizi, na sauti.

Na ile chupa ya kwanza. Nimeandika nilisahau. Fundi nilimwambia hivyo, ukoo nimewaambia hivyo, na hapo juu nimetaka na wewe uamini. Mwanangu, miaka thelathini na moja nimewasikia mafundi wakizungumza habari za visima na vyoo. Nesi alipouliza tu, nilijua. Niliitia asidi makusudi, ili mashine ikisema, isiaminike.

Sikusahau.

Wako akupendaye, kama bado unaniruhusu,
Baba mkwe wako, muosha chupa.